Sifuri na pengo ni vitu viwili: kutunza rekodi za kituo cha hali ya hewa shambani

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon mvua hubagua. Inaweza kunyesha Kapchorwa mjini mpaka mitaro ifurike, na tambarare za Ngenge kule chini zikabaki na vumbi. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Uganda, UNMA, kwa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba, unastahili kusikilizwa, lakini unazungumzia eneo pana. Hauwezi kumwambia mkulima wa viazi wa Bukwo ni milimita ngapi zilizoanguka shambani kwake jana usiku. Kwa hiyo mkulima au kikundi cha kahawa kinachosimamisha kituo chake kidogo cha hali ya hewa kimefanya jambo la maana sana. Makala haya ni ya yule ambaye kituo tayari anacho, amekiunganisha na laptopu au intaneti, na sasa rekodi zina mashimo au tarakimu hazieleweki.

Nianze na jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Programu ikisimama usiku, au mawasiliano ya kihisi, yaani kifaa cha nje kinachopima, yakikatika, saa hizo hazina data. Hilo ni pengo. Lakini ziko programu zinazoandika sifuri mahali pa pengo, na watu hufanya vivyo hivyo wanapojaza jedwali la Excel kwa mkono. Mwisho wa mwezi jumla ya mvua inatoka ndogo, na mtu anaahirisha kuweka mbolea kwenye mahindi kwa kuamini udongo haujapata maji, kumbe mvua ilinyesha na hakuna aliyeihesabu. Sifuri maana yake kipimo kilikuwa kinafanya kazi na mvua haikunyesha. Pengo maana yake hakukuwa na kipimo. Acha nafasi tupu, na pembeni andika sababu: umeme ulikatika, betri iliisha, laptopu ilipelekwa senta.

Kwa viazi pengo lina hatari nyingine. Ukungu unaounguza majani, ule unaoitwa bakajani chelewa, hupenda baridi ya kiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 90 au zaidi kwa saa nyingi mfululizo. Saa hizo kwa kawaida ni za usiku hadi alfajiri. Sasa fikiria nyumba ambayo laptopu huzimwa watu wakienda kulala: rekodi zote zinazobaki ni za mchana, na mchana hewa ni kavu. Mkulima akiangalia jedwali ataona wiki salama kabisa na hatapulizia dawa. Kituo kinachokosa usiku kinakosa habari yenyewe aliyoitaka.

Pengo limeanzia wapi?

Kabla ya kufuta programu na kuiweka upya, jambo ambalo wengi hulikimbilia na ambalo huweza kupoteza data za zamani, nenda kwenye kisanduku cha ndani chenye kioo. Kikionyesha vistari mahali pa joto au unyevu, tatizo liko nje: betri, kihisi, au umbali. Kikionyesha tarakimu nzuri zinazobadilika huku kompyuta haina kitu, usipande mlingoti wenye vihisi, tatizo liko kwenye waya au kwenye programu.

Upande wa nje, betri ndizo za kwanza kushukiwa. Betri za kuchaji za NiMH hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kuna vihisi vinavyochoka mapema kwa tofauti hiyo, hasa usiku wa baridi. Kisha angalia mabati. Vituo vya nyumbani vingi huweza kutuma taarifa hadi mita 100 mahali pa wazi, lakini paa la mabati na ukuta wa matofali hukata sehemu kubwa ya umbali huo. Sogeza kisanduku kwenye dirisha linalotazama mlingoti, mbali na televisheni na ruta, halafu subiri siku moja kabla ya kuamua.

Upande wa kompyuta, kosa la kawaida zaidi ni laptopu kulala. Iweke isilale kamwe ikiwa kwenye chaji, na uzuie Windows isizime poti za USB ili kuokoa umeme. Iweke programu kwenye orodha ya zile zinazojiwasha kompyuta inapowaka, maana sasisho la usiku likiiwasha kompyuta upya hakuna mtu wa kubofya. Kebo ikichomekwa kwenye tundu jingine, Windows inaweza kuipa poti namba mpya, ikatoka COM3 ikawa COM5, na programu ikaendelea kuitafuta ya zamani. Na jambo moja dogo linalosumbua sana: ukifungua faili ya rekodi kwa Excel wakati programu inaandika, Excel huishikilia faili hiyo, na programu hushindwa kuongeza mistari. Nakili faili kwanza, kisha fungua nakala.

Wanaotumia Wi-Fi wakumbuke kwamba vituo vingi husikia masafa ya 2.4 GHz tu. Simu mpya ikigawa intaneti kwa 5 GHz, kituo hakitaiona hata ikiwa juu yake.

Kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa

Usinunue kituo kabla ya kuuliza swali hili: kompyuta ikizimwa, data zinakaa wapi? Kinasa data cha WeatherLink cha kampuni ya Davis huhifadhi rekodi 2,560. Ukikipangia kuandika kila dakika 5, kumbukumbu hiyo hujaa baada ya siku 8 na ushee; ukipanga kila dakika 30, inafika siku 53. Ikijaa, rekodi mpya hufuta za zamani. Vifaa vingine vidogo vya Wi-Fi havihifadhi chochote, vinapitisha tu. Bando likiisha Ijumaa ukanunua jingine Jumatatu, data za siku hizo kwenye intaneti hazipo na hazitarudi.

Kwa shamba, kila dakika 15 au 30 inatosha kabisa. Dakika moja inapendeza kwenye grafu, lakini mahali umeme unapokatika mara kwa mara ninaona ni hasara tupu, maana unakula kumbukumbu bila kujua zaidi kuhusu udongo wako.

Kuna tatizo linalozaliwa hapa na linalowachanganya watu sana. Vituo vingi havitumi mvua ya dakika hii, vinatuma hesabu inayopanda tangu kituo kiwashwe, na programu hutoa hesabu iliyopita kutoka ile ya sasa. Programu ikisimama siku tatu za mvua kisha ikaamka, ziko zinazoitupa mvua yote ya siku tatu kwenye rekodi moja: milimita 60 ndani ya dakika tano, na onyo la mafuriko juu yake. Nyingine huanza hesabu upya na mvua hiyo hupotea. Ukiona mvua ya ajabu mara tu baada ya pengo, usiifute. Jumla inaweza kuwa ya kweli, wakati ndio si wa kweli. Iandike kama mvua ya siku tatu kwa pamoja.

Saa ya mashine

Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC, mwaka mzima, na hatubadilishi saa kiangazi. Kwenye orodha ya Windows hutaikuta Kampala. Chagua Nairobi, ni wakati ule ule. Zima kila kitu kinachohusu saa za kiangazi. Kituo kilichonunuliwa nje kinaweza kufika kikiwa na wakati wa Marekani au Ulaya, na dalili yake ni rahisi kuiona: joto la juu la siku linaandikwa alfajiri, au jua linachomoza usiku kwenye grafu.

Wanaotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi wana shida yao. Matoleo ya kabla ya Pi 5 hayana saa inayoendelea umeme ukikatika, na Pi 5 nayo huhitaji betri yake ndogo. Umeme ukirudi bila intaneti, kompyuta huamka ikidhani bado ni wakati ule ilipozimika, na programu huandika rekodi mpya juu ya muda uliokwisha kupita au huzikataa. Kipande kidogo cha saa aina ya DS3231, chenye betri yake, hulimaliza tatizo hilo.

Halafu kuna mwanzo wa siku. Vituo vya hali ya hewa vya taifa husoma kipima mvua saa tatu asubuhi, yaani 09:00 kwa saa ya mashine, wakati programu nyingi huanza siku mpya saa sita usiku. Mvua ya saa tisa usiku itaangukia tarehe mbili tofauti katika vitabu viwili. Mtu akilinganisha siku kwa siku ataapa kituo kimeharibika, kumbe jumla za mwezi zinakaribiana. CumulusMX, mojawapo ya programu za kurekodi hali ya hewa, inakuruhusu kuchagua saa tatu asubuhi kuwa mwanzo wa siku. Chagua mara moja, mwanzoni, na usibadilishe katikati ya msimu.

Kipima mvua chenyewe

Hapa ndipo ningetaka mkulima atumie muda wake mwingi, kwa sababu programu nzuri haiwezi kurekebisha kipima mvua kilichoziba. Ndani yake kuna kijiko cha pande mbili kinachopinduka kila kinapojaa, kwa kawaida kila milimita 0.2. Nyigu hujenga humo kwa udongo, buibui hufunga kijiko kwa utando, majani ya mgrivilia huziba tundu la juu. Kisafishe kila mwezi, na kila wiki mvua zikichanganya.

Kila mwanzo wa msimu kipime. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba. Kama mdomo wa kipima mvua chako una kipenyo cha sentimita 20, eneo lake ni karibu sentimita 314 za mraba, kwa hiyo mililita 314 za maji ni milimita 10 za mvua, sawa na mipinduko 50. Pima maji hayo kwa sirinji ya dawa ya mifugo iliyo safi, yatie kwenye chupa ya plastiki yenye tundu dogo la sindano kwenye kifuniko, yadondoke taratibu kwa nusu saa au zaidi. Ukiyamimina kwa haraka mengine yatapita bila kuhesabiwa. Ukipata kati ya 9.5 na 10.5, endelea na kazi. Andika tarehe ya jaribio kwenye daftari na uitoe mvua hiyo ya uongo kwenye rekodi.

Kama tofauti ni ile ile kila mwezi, angalia vipimo kabla ya kulaumu kijiko. Kuna vijiko vya milimita 0.2 na vya sehemu moja ya mia ya inchi, ambayo ni milimita 0.254. Programu ikidhani una cha pili wakati una cha kwanza, mvua ya milimita 100 itaandikwa 127.

Na weka kando kipima mvua cha kawaida cha plastiki, kile cha kusoma kwa macho, pamoja na daftari. Nalisisitiza hili kwa moyo wote. Mtoto wa shule anaweza kukisoma kila siku saa tatu asubuhi, na siku programu ikisimama, daftari ndilo litakalojaza pengo. Ukijaza kutoka daftarini, sema hivyo kwenye safu ya maelezo.

Kuhusu kanieneo ya hewa, neno moja: kwenye mita 1,900 juu ya usawa wa bahari kipimo halisi ni kama hektopaskali (hPa) 800 na kidogo, si 1,013 ya usawa wa bahari. Kihisi hakijaharibika. Ingiza mwinuko wa mahali pako kwenye mipangilio, maana bila hivyo programu inayochuja tarakimu inaweza kuitupa kila rekodi kwa kudhani ni kosa.

Faili zikigoma

Umeme ukikatika programu ikiwa katikati ya kuandika, mstari wa mwisho wa faili unaweza kubaki nusu au ukajaa alama zisizosomeka, na programu ikakataa kufunguka. Nakili folda nzima kwenye flashi kabla ya kugusa chochote. Kisha fungua faili ya mwezi huo kwa Notepad, futa mstari uliovunjika tu, hifadhi, jaribu tena. Memori kadi za Raspberry Pi huumia zaidi kwa kukatika huko, kwa hiyo betri ya akiba au sola ndogo ina thamani kuliko kihisi kipya.

Ukipeleka data kwenye Excel, tazama tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili, na kuanzia tarehe 13 itaacha kabisa kuzitambua. Matokeo yake mvua za Aprili zinatawanyika mwaka mzima.

Ukikwama na ukaamua kumuuliza fundi au afisa ugani, usimtumie picha ya kioo pekee. Programu hizi huandika shajara ya makosa: CumulusMX huiweka kwenye folda ya MXdiags, programu nyingine, weewx, huiandika kwenye kumbukumbu za mfumo. Tuma ukurasa wa siku pengo lilipoanza, pamoja na aina ya kituo, toleo la programu, na kile kilichobadilika siku hiyo: kebo mpya, simu mpya, sasisho, radi iliyopiga karibu.