Jinsi ya kulinganisha ukungu wa nyuma kwa lenzi tatu za 80mm

Ukungu wa nyuma ni ule mfifio wa vitu vilivyo nyuma ya fokasi. Ukipiga kila lenzi kwa tundu (nafasi inayopitisha mwanga) lililo wazi kabisa, sifa zitaiendea yenye tundu kubwa. Hapo umepima wingi wa ukungu, si uzuri wake. Mimi hutenganisha mambo hayo mawili.

Lenzi ni Fujifilm GF f/1.7 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), Mamiya Sekor f/1.9 ya mfumo wa 645, na Zeiss Planar f/2.8 ya Hasselblad za zamani. Zote zinakaa kwenye kamera moja ya Fujifilm GFX, hizo mbili za mwisho kwa adapta.

1. Funga kamera kwenye tripodi. Weka chupa umbali wa mita moja na nusu, na mita tano nyuma yake tundika taa ndogo za mapambo, zienee hadi pembeni mwa picha. Pakiwa na mti wa majani madogo, ni bora zaidi.

2. Kila ukibadilisha lenzi, fokasi upya kwa mkono. Hakikisha chupa ina kimo kilekile kwenye picha.

3. Piga zote kwa f/2.8. Gawanya 80 kwa 2.8: kila tundu lina upana wa milimita 28.6 hivi, kwa hiyo wingi wa ukungu ni sawa. Tofauti inayobaki ni tabia ya lenzi.

4. Kuza madoa ya mwanga, yaani zile taa zilizofifia kwenye picha, ukae hapo muda mrefu. Doa lenye ukingo mkali unaong'aa hufanya vijiti vya mti vionekane viwili viwili. Lenye ukingo unaofifia hulainisha kila kitu. Hayo hutokana na namna mtengenezaji alivyosahihisha miale ya kingo za vioo. Lenzi laini kwa nyuma mara nyingi huwa kali kwa vilivyo mbele ya fokasi, basi sogeza taa mbele upige tena.

5. Tazama pembe, ambako madoa hubanwa yakawa kama limau. Usiipe Planar alama hapa: ilitengenezewa filamu ya milimita 56 kwa 56, na kihisi cha GFX, 43.8 kwa 32.9, hakizifikii pembe zake. Kama utaitumia kwa filamu, ijaribu kwa filamu.

6. Rudia kwa f/4. Planar itatoa madoa ya pembe tano. GF, yenye mabapa tisa yaliyopinda ya kufungia tundu, hubaki karibu na duara.

7. Sasa fungua kila tundu hadi mwisho, na picha hizo uziweke kwenye folda yake peke yake.