Somo: Kufungua chuo kikuu cha binafsi Lubumbashi, kuanzia statuti mpaka arete ya waziri

Binti mmoja wa Katuba alinionyesha diploma yake ikiwa ndani ya plastiki, haijakunjwa hata mara moja. Alikuwa amesoma miaka mitano, na mama yake aliuza mpaka cherehani ili alipe. Alipoipeleka kuomba kazi, waliuliza kitu kimoja tu: arete ya chuo chako ni namba ngapi? Hakukuwa na arete, ile amri ya waziri inayoruhusu chuo kufanya kazi. Waliomfundisha walikuwa wamefunga zamani, wamehama.

Ndugu zangu mnaoniandikia kila wiki mkitaka kufungua chuo, naanzia hapo. Pesa ya mwanafunzi isiguswe kabla waziri hajatia sahihi. Mkishindwa kukubali hilo, msiendelee kusoma somo hili.

Hatua ya kwanza: muwe mtu mbele ya sheria

Vyuo vingi vya binafsi kwetu Kongo vinabebwa na shirika lisilotafuta faida, ile ASBL. Sheria yake ni namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Inataka wanachama wasiopungua saba, statuti (katiba ya shirika) zenye sahihi mbele ya notere, ofisa wa kuthibitisha karatasi, na utu wa kisheria unatolewa na Waziri wa Sheria baada ya wizara ya fani yenu kutoa maoni mazuri. Kwa chuo kikuu, wizara hiyo ni ile ya Elimu ya Juu, tunayozoea kuiita ESU. Kama ni kanisa, amueni mapema: chuo ni kazi ya kanisa lenyewe, au ni shirika la pekee? Nimeona dosie, yaani mafaili ya maombi, zenye barua ya jina moja na statuti za jina lingine.

Hatua ya pili: parsele, yaani kiwanja

Hapa ndipo dosie nyingi zinakufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wananiletea fishi ya parsele kutoka komine (ofisi ya serikali ya mtaa) wakidhani ni hati. Fishi inaonyesha tu kwamba komine inakujua pale. Tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ni ya Leta, yaani serikali, na haki yako juu yake inathibitishwa na sertifika inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Hiyo ndiyo karatasi ya kuweka ndani ya dosie, na iwe kwa jina la shirika.

Kwa jina la shirika, narudia. Dosie moja niliyoifuata ilikuwa na parsele nzuri kabisa upande wa Kampemba, ukuta umekwisha, madarasa sita yamepigwa rangi. Sertifika ilikuwa kwa jina la mzee mwanzishi. Mzee akafariki katikati ya mambo. Haikupita miezi mitatu watoto wakaleta mnunuzi na mita ya kupimia, mbele ya macho yetu. Hakuna aliyekuwa na kosa kwa sheria. Karatasi ilisema mali ni ya baba yao. Tulikuwa na miaka miwili ya kumwomba mzee abadilishe jina, tukaona haya. Msione haya.

Nyumba ya kupanga? Ni afadhali kuliko kudanganya, lakini mkataba uwe wa miaka mingi na umeandikishwa. Mkataba wa mwaka mmoja unamwambia mkaguzi kwamba mwakani wanafunzi watakuwa barabarani.

Hatua ya tatu: masomo

Sheria ya elimu ya taifa ni namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, na mfumo wa sasa ni LMD (lisansi, masta, doktora), ulioenezwa kwenye vyuo vyote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Muhula ni krediti 30 (vipimo vya kazi ya masomo), lisansi ni mihula sita, yaani krediti 180, na masta ni krediti 120 juu yake. Anayewaletea programu yenye "graduat" ya miaka mitatu na "licence" ya miaka miwili amewaletea karatasi ya zamani.

Msikopi programu ya UNILU, chuo kikuu cha Leta cha hapa Lubumbashi. Wakaguzi wanaijua, wengine wao wamesoma pale. Anzeni na fani mbili mnazoweza kuzibeba. Mtu anakuja na fakulte saba, pamoja na ile ya udaktari wa kutibu, wakati maktaba ni kabati moja! Fani moja yenye walimu, vitabu na maabara ina uzito kuliko orodha ndefu.

Hatua ya nne: maprofesa

Mkaguzi anaanza na ukurasa huu. Anataka kujua nani ni daktari wa elimu mwenye tezi (utafiti wa kupata cheo hicho), nani ni CT (chef de travaux, cheo kati ya asistanti na profesa), nani ni asistanti, na nani ni wa kwenu kabisa. Maprofesa wa kutembelea wanaruhusiwa, na mji huu una bahati ya kuwa na chuo kikuu tangu 1956, lakini nyumba haisimami kwa wageni tu. Jina la profesa mmoja likionekana kwenye dosie za vyuo vinne, zote nne zinaharibika. Kwa kila jina wekeni kopi ya diploma, karatasi ya cheo chake, na barua ya kukubali aliyoitia sahihi mwenyewe. Mpigieni simu kabla ya kupeleka. Kuna profesa aliyesikia kwa mkaguzi kwamba yeye ni dekani wa chuo asichokijua.

Hatua ya tano: Kinshasa, na kungoja

Barua inaandikwa kwa Waziri wa ESU. Wekeni kopi ya kila kitu, na msiondoke pale bila karatasi ya kupokea yenye muhuri, tarehe na namba. Namba hiyo ndiyo itakayowasemea baadaye, maana Lubumbashi kwenda Kinshasa ni ndege, huwezi kupita kila Jumatatu kuuliza.

Ada za Leta zinalipwa hivi: mnapewa noti de persepsio (karatasi ya Leta inayotaja kiasi cha kulipa), mnalipa benki, mnatunza bordero, yaani risiti ya benki. Atakayewaambia "nipe mkononi nitaharakisha" hana cha kuwapa.

Kisha wakaguzi wanakuja kuona kama chuo kinaweza kuishi. Wanahesabu mabenchi, wanafungua choo, wanauliza umeme wa SNEL ukikatika maabara inafanya nini. Wakiridhika, inakuja arete ya kuruhusu kazi. Agrema, yaani kutambuliwa rasmi na Leta, ni hatua nyingine ya mbele, msichanganye hizi mbili kwenye bango lenu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama mmoja wa Kamalondo:* Yaya, sisi tuna ITM inayofundisha wauguzi, tena inakubalika. Tunaweza kuigeuza ISTM?

Mama, kuigeuza hapana. ITM, shule ya ufundi wa tiba, ni ya kiwango cha sekondari na iko chini ya Wizara ya Afya. ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba, ni elimu ya juu, iko chini ya ESU. Ruhusa ya wizara moja haitembei kwenye nyingine. Mtaanza dosie mpya, na mtaulizwa hospitali ya kufanyia staji iko wapi na ina vitanda vingapi. Lakini mna walimu na mna mazoea, hayo ni mtaji wa kweli.

*Ndugu wa Rwashi:* Tumeshapata arete. Tunataka kufungua tawi Kolwezi, watu wa migodi wanatuomba sana.

Someni arete yenu polepole: inataja mahali na inataja fani. Kolwezi ni mkoa mwingine tangu 2015, na tawi linaombewa ruhusa yake. Wizara imefunga matawi mengi ya namna hiyo, na aliyeumia ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

*Pasta mmoja, hakutaka mtaa utajwe:* Yaya, tulianza tayari. Wako vijana karibu sitini, wanasomea ndani ya kanisa. Dosie iko Kinshasa. Tufanye nini?

Baba pasta, asante kwa kusema. Simamisheni masomo wiki hii. Waiteni vijana pamoja na wazazi wao, waambieni ukweli wote, kisha rudisheni pesa kwa orodha yenye majina na sahihi. Kama haipo yote, andikeni tarehe ya kumaliza kulipa. Anayetaka kuendelea, msaidieni kuandikishwa kwenye chuo chenye arete. Mjue kwamba huko huenda ataanza mwaka wa kwanza upya, kwa sababu krediti zenu hazina mtu wa kuzitambua. Mwambieni hilo kabla hajalipa huko. Nikiwa mjini naweza kuja kukaa nanyi kwenye kikao hicho. Niandikie pembeni siku mliyochagua.