Kutoka Uwanja wa Ndege Dar hadi gesti ya Kariakoo kwa daladala

Mara ya kwanza kushuka kwenye ndege nikaenda kupanda daladala, nilijificha. Tulitoka Bukoba ndege moja na jirani yangu, mama wa heshima zake, nikajifanya nahangaika na zipu ya begi mpaka alipoingia kwenye teksi na kuondoka. Ndipo nikashika njia ya barabarani. Mhaya ashuke kwenye ndege apande daladala? Habari ingefika Bukoba kabla yangu.

Sasa sijifichi. Nina duka la vitenge na sare za shule, nashuka Kariakoo mara nne kwa mwaka kufunga mzigo. Safari iliyopita dereva wa teksi pale nje aliniambia elfu arobaini. Daladala haikufika elfu moja. Tofauti hiyo kwangu ni vitenge vya kuuza, na sijaona mteja anayeuliza mwenye duka alifikaje sokoni. Wanawake wenzangu wananiuliza nafanyaje, kwa hiyo naeleza hapa kwa kirefu, maana kwa simu huwa nasahau nusu.

Kwanza saa. Usiniige kama ndege yako inatua saa tatu usiku au zaidi. Chukua teksi au ita gari kwa simu, ulipe, ulale salama. Begi, giza na kituo usichokijua havikai pamoja. Mchana ni sawa. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu magari yanatoka Gongo la Mboto, mwanzo wa njia huko nje ya mji, yamejaa mpaka mlangoni, na wewe uko katikati ya njia, unapata mabaki. Jioni mambo yanageuka: watu wote wanatoka mjini, wewe unaingia, unapata kiti na dirisha. Ninapoweza kuchagua, nakata tiketi ya ndege inayotua saa kumi.

Pili mzigo. Daladala haina buti wala keria ya mabegi. Begi lako ni la kukaa magotini au katikati ya miguu. Likizidi hapo, ama unalilipia kiti, ama unagombana na konda, ama vyote viwili. Mimi naenda na begi dogo la magurudumu na mkoba wa begani, basi. Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, naongeza ndoo ndogo yenye mfuniko, zawadi ya tajiri wangu wa Kariakoo anayenikopesha vitenge. Mfuniko ufungwe kwa selotepu. Siku moja sikufunga, na abiria wa kiti cha nyuma alitaka kujua ni nini kinanukia. Nilipomwonyesha akahama. Mwenzake akaomba aonje.

Tatu chenji. Hili ndilo linalowakwamisha wengi. Ukitoka kwenye mashine ya benki pale uwanjani una noti za elfu kumi tupu, na konda hataki kuziona. Nunua maji ndani au nje ya jengo, uvunje noti, ubaki na elfu moja moja na sarafu za mia tano na mia mbili. Weka nauli mfuko wa pembeni, peke yake. Pesa nyingine usiziguse tena mpaka gesti. Ukifungua pochi ya mtaji ndani ya gari, umewatangazia watu thelathini.

Ndege nyingi za mikoani zinatua Jengo la 2, lile la zamani lililofunguliwa mwaka 1984. Wanaotoka nje ya nchi wanashukia Jengo la 3, lililofunguliwa mwaka 2019. Kutoka Jengo la 2 mimi natembea mpaka Barabara ya Nyerere, dakika kama kumi nikivuta begi bila haraka. Jengo la 3 liko mbali zaidi na barabara, na kwa jua la Dar sikushauri utembee na mzigo. Tafuta bodaboda au bajaji ikutoe mpaka kituoni, bei mwelewane kabla hujapanda. Mwambie "naenda kituo cha daladala tu, siendi mjini", la sivyo atakupigia hesabu ya mjini.

Ukitoka mlangoni watakuzunguka. "Teksi, mama? Mjini? Posta? Kariakoo?" Usianze kueleza kwamba unapanda daladala, maana utapewa darasa: daladala hazipo leo, barabara imefungwa, kuna vibaka. Jibu neno moja: "Nimepokelewa." Tembea kama mtu anayejua gari lake liko wapi. Sijawahi kuona jibu linalofanya kazi haraka hivyo.

Sasa uko barabarani, na hapa ndipo nilipokosea mwaka wa kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Maandishi ya daladala hayakwambii gari linaelekea wapi. Yanakwambia njia yake, ncha zote mbili: "G/MBOTO – K/KOO". Gari hilohilo likienda mjini limeandikwa hivyo, na likirudi Gongo la Mboto limeandikwa hivyohivyo. Mgeni anaona K/KOO anaruka ndani, anashtukia anakaribia Pugu, nje kabisa ya mji. Usisome, sikiliza. Konda anayeelekea mjini anaita "Kariakoo, Kariakoo!" Anayetoka mjini anaita "Mboto, Mboto!" Na kabla ya hapo muulize mama anayeuza karanga au kijana wa vocha: "Samahani, ya kwenda Kariakoo nasimama upande gani?" Watu wa Dar wana maneno mengi lakini njia hawafichi.

Kosa langu la pili lilikuwa la masikio pia. Si kila gari linaloelekea upande wa mjini linafika mjini. Yapo ya kwenda Ubungo, Mwenge na Makumbusho, na hayo yakifika makutano ya TAZARA yanakata kushoto kushika Barabara ya Mandela. Mimi nilipanda la Makumbusho kwa sababu lilikuwa na kiti. Nikatulia, nikasinzia kidogo, kufumbua macho naona Buguruni. Nikapiga kelele "shusha!" gari zima likageuka kuniangalia, na ndoo yangu ya senene. Kwa hiyo hata kama umeona maandishi, hata kama umesikia, weka mguu kwenye ngazi umuulize konda tena: "Kariakoo?" Akisema "panda tu mama", hilo si jibu. Uliza tena mpaka aseme Kariakoo kwa mdomo wake.

Asubuhi magari yakipita yote yamejaa, wenyeji wana ujanja wao unaoitwa kugeuza. Unavuka barabara, unapanda gari linalokwenda Gongo la Mboto likiwa na nafasi, unafika nalo mwisho wa njia, watu wanashuka, wewe umekaa kwenye kiti chako, linageuka na wewe kuelekea mjini. Unalipa nauli mara mbili na unapoteza muda, lakini begi lako limekaa na wewe umekaa. Nimefanya hivyo mara mbili na sijutii. Ila mwambie konda mapema "nageuza nalo", asije akadhani umepitiliza kituo akaanza kukuhurumia.

Ukipanda, tafuta kiti cha nyuma ya dereva au kile cha mbele kando yake. Pale begi linapata pa kusimama na hakuna anayelikanyaga akipita. Viti vya karibu na mlango viepuke. Ni njia ya watu wote. Kama umesimama, begi liwe mbele yako, si mgongoni. Konda atasema "sogeeni nyuma, nyuma kuna nafasi". Nyuma hakuna nafasi. Sogea kidogo kwa adabu.

Simu iache mkobani, hasa ukiwa dirishani. Kwenye foleni kuna vijana wanaopita kando ya magari, na mkono unaingia dirishani haraka kuliko unavyodhani. Kama unataka kumjulisha mtu umefika, mpigie ukiwa bado ndani ya jengo la uwanja.

Nauli hulipi mlangoni. Unakaa, konda anapita akichezesha sarafu mkononi, hiyo ndiyo sauti ya kukuita. Mpe, mwambie unaposhuka. Kiasi kinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa urefu wa njia, kwa hiyo angalia abiria wa jirani ametoa ngapi na wewe toa hiyohiyo bila kuuliza. Ukiuliza kwa lafudhi ya Kagera kama yangu, unaweza kutajiwa bei ya mgeni. (Wazee wanasema hata jina la daladala limetokana na nauli: enzi hizo ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Siku hizi dala hainunui hata pipi.)

Njiani jihesabie alama. TAZARA utaijua kwa daraja la juu, la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla ya daraja hilo makutano yale yalikuwa mateso, mtu alikuwa anamaliza karanga za mfuko mzima hajavuka. Baada ya TAZARA ni Vetenari, kisha Chang'ombe, kisha Kamata. Konda atakuwa anauliza kila kituo: "Vetenari wapo?" Kama kuna anayeshuka, anajibu "wapo!" hata akiwa peke yake. Ukikaa kimya gari halisimami. Mimi Mhaya mwenye sauti ilichukua safari tatu kuthubutu kusema "wapo" mbele za watu.

Katikati ya Barabara ya Nyerere utaona njia za mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake peke yake, awamu ya tatu, ya kutoka Gongo la Mboto hadi katikati ya jiji. Safari yangu ya mwisho bado nilipanda daladala. Siku mabasi hayo yakikubeba wewe, kata tiketi huko, maana mwendokasi hauna foleni na njia yake hainyang'anywi na malori.

Kamata ndipo unapokaa sawa. Kutoka hapo unaingia Gerezani, na Kariakoo imeanza. Mimi nimeshawahi kushushwa sehemu tatu tofauti kwa gari la njia ileile, kwa hiyo usikariri kituo, kariri mtaa. Mtaa wangu wa kushika ni Msimbazi. Popote ulipotupwa uliza Msimbazi, kila mtu anaujua, na una kituo cha polisi kinachoitwa jina hilohilo. Ukiwa Msimbazi na Gerezani iko mgongoni kwako, tembea mpaka Mtaa wa Uhuru, kata kulia, na ukienda moja kwa moja unatokea Lumumba na viwanja vya Mnazi Mmoja.

Gesti nazozipenda ziko upande huo wa Lumumba. Ndani kabisa ya Kariakoo, karibu na soko, kuna za bei nafuu, lakini mikokoteni inaanza kabla ya adhana ya alfajiri na muziki wa maduka unazimwa usiku sana. Lumumba unalala, na sokoni ni mwendo wa dakika chache. Jambo moja tu: usikate njia kwa Mtaa wa Congo ukiwa na begi la magurudumu. Wamachinga wamepanga bidhaa mpaka katikati ya lami, na gurudumu lako likipita juu ya sidiria za mtu umezinunua. Yaliwahi kunikuta. Hazikuwa saizi yangu wala ya mteja yeyote wa duka langu.

Anayelala Posta, katikati ya jiji, naye aje njia hiihii. Akifika Mnazi Mmoja anaweza kutembea mpaka Posta Mpya kama mzigo ni mwepesi, au apande bajaji kwa kipande hicho kidogo.

Jumla ya safari, kutoka mlango wa Jengo la 2 hadi funguo za chumba, imewahi kunichukua dakika hamsini, na imewahi kunichukua saa mbili na nusu siku ya mvua. Teksi siku ile ingekaa kwenye foleni ileile, ila ningekuwa nimekaa peke yangu.

Kurudi uwanjani ni rahisi zaidi, kwa sababu unapandia mwanzo wa njia na viti bado vipo. Ondoka gesti ukiwa umebakiza muda wa saa nne nzima kabla ndege haijaruka, sitanii, foleni ya Nyerere haijui tiketi yako. Na ukimwambia konda unaposhuka, sema "Uwanja wa Ndege" kwa ukamilifu, au "Eapoti" kama wao. Ukisema "Uwanjani" tu siku ya mechi ya Simba na Yanga, atakushusha pamoja na wenye jezi. Mzigo wa vitenge siubebi. Unafungwa robota pale pale Kariakoo na kwenda Bukoba kwa gari la mizigo. Mimi narudi na begi langu dogo na ndoo tupu, ambayo mpaka leo dada wa ukaguzi pale uwanjani hunifungulisha, akainusa, akaniuliza kwa nini sikumbakishia.