Linganisha majedwali mawili ya FAT kabla ya kurekebisha taswira ya disketi

Kabla hujaandika skripti ya kurekebisha taswira ya disketi ya zamani, yaani faili lenye nakala ya kila baiti iliyomo kwenye disketi, pima kwanza ukubwa wa faili, kwa kuwa disketi ya MS-DOS ya inchi 3.5 yenye sekta 2,880 za baiti 512 hutoa baiti 1,474,560 kamili, na upungufu wowote huashiria kwamba usomaji ulikatika au sekta fulani zilirukwa. Sekta ikirukwa katikati, kila kilicho baada yake husogea, hivyo skripti ijaze pengo pale pale lilipo, si mwishoni mwa faili.

Ukubwa ukiwa sahihi, linganisha nakala mbili za jedwali la FAT, yaani orodha inayoonyesha vipande vya kila faili viko wapi kwenye disketi, ya kwanza ikianzia nafasi ya baiti 512 na ya pili nafasi ya 5,120, kila moja ikiwa na baiti 4,608. Hatua hii ndiyo ninayoithamini zaidi, maana waliobuni mfumo huo walituwekea akiba ndani ya disketi yenyewe. Nakala hizo zikitofautiana, usichukue moja nzima kwa pupa, bali fuata mnyororo wa vipande vya kila faili katika zote mbili, kisha uulinganishe na ukubwa ulioandikwa kwenye saraka. Matokeo yaandikwe daima kwenye faili jipya, na taswira asilia isiguswe.