Usingizi wa kichanga: mambo ya kuandaa kabla hujajifungua

Ukifika wiki ya 35, begi la hospitali huwa limeshafungwa: kanga, pamba, beseni, nguo za mtoto. Kinachosahaulika ni usiku wa kwanza mkisharudi nyumbani. Mama ana mshono au bado anasikia maumivu, saa nane za usiku, na ndiyo kwanza anaanza kujiuliza mtoto alale wapi, nani ambebe, mbona halali. Mambo hayo yaamuliwe mapema, watu wote wa nyumba wakiwepo. Mwezi wa kwanza kichanga hafundishiki ratiba. Wanaofundishika ni watu wazima wanaomzunguka.

Kwanza mjue atakavyolala. Kichanga hulala kati ya saa 14 na 17 katika saa 24, lakini kwa vipande vya saa 2 hadi 4, maana tumbo lake ni dogo na anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Usiku na mchana kwake ni kitu kimoja. Saa ya mwili wake huanza kujipanga kwenye wiki ya 8 hadi ya 12, kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba wa kwako atalala hadi asubuhi akiwa na wiki tatu, msikilize tu kwa heshima. Tena mpaka arudie uzito aliozaliwa nao, yaani kwenye wiki ya pili hivi, akipitisha saa 4 bila kunyonya mwamshe.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka huokoa usiku mwingi. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga si usingizi mtulivu. Anakunja uso, anaguna, anarusha mkono, ananyonya midomo, hata analia kidogo macho yakiwa yamefumba. Ukiwasha taa na kumnyanyua papo hapo, umemwamsha mtoto aliyekuwa amelala. Subiri kidogo, msikilize. Akiwa ana njaa kweli atageuza kichwa kutafuta titi na kupeleka mikono mdomoni, na hapo mpe kabla hajafikia kulia kwa nguvu.

Sasa mahali pa kulala, na hapa naomba tusifanye haraka. Wengi wetu Dar es Salaam tunaishi chumba kimoja cha kupanga, au chumba na sebule, na hilo si tatizo: kichanga anatakiwa alale chumba kimoja na mama. Mwandalie sehemu yake karibu na kitanda chako, yenye godoro gumu lisilobonyea na shuka lililobanwa vizuri. Alazwe chali kila anapolala, mchana na usiku. Watu huogopa kwamba atapaliwa akicheua, lakini mtoto mzima wa afya akilala chali hujikinga vizuri. Marekani ilipoanza mwaka 1994 kuwahimiza wazazi walaze watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Seti nzuri za matandiko ya mtoto madukani huja na kimto cha kichwa. Kitoe. Blanketi zito na midoli navyo visiwe alipolala. Kama familia yenu humfunga mtoto uzi au hirizi, zungumzeni mapema isikae shingoni, kwa sababu uzi unaweza kumkaba akiwa usingizini.

Kama kitanda ni kimoja na hakuna njia nyingine, basi pasiwe na aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya kulewesha, na mtoto njiti au mwenye uzito chini ya kilo 2.5 asilale humo. Pasiwe na nafasi kati ya godoro na ukuta. Kwenye sofa usilale naye kabisa, hata kama ni dakika chache tu wakati wa kunyonyesha.

Chandarua chenye dawa ulichopewa kliniki kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, na kiwe kimefungwa kabla ya siku ya kujifungua. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi na sigara vitoke chumbani. Jiko la mkaa, hata kama ni kwa ajili ya maji ya kumkanda mama, libaki nje, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu waliolala. Joto la Januari hadi Machi nalo si mchezo: nguo nyepesi zinatosha, na kofia avuliwe akiwa ndani. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Mikono ya baridi peke yake haina maana kwamba anasikia baridi. Ukimfunga kanga, iache miguu ikunjike na kuchezacheza, na isimfunike uso.

Kuhusu arobaini, mila ya mama kupumzika ndani ni nzuri na tuitunze. Ila pazia lifunguliwe mchana, sauti za nyumba ziendelee kama kawaida, na usiku taa iwe hafifu, maneno machache, nepi ibadilishwe kimya. Hivyo ndivyo mwili wake unavyojifunza.

Halafu watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba likizo ya siku 3 tu, kwa hiyo mpangeni mapema nani atambeba mtoto baada ya kunyonya ili mama alale. Bibi akija, mwombe muende naye kliniki ya mwisho. Maneno ya “mama, asipewe maji ya sukari wala uji ili alale” yanapokelewa vizuri zaidi yakitoka kwa muuguzi kuliko kwa mkwe. Dawa za mafua zinazoleta usingizi asipewe kabisa.

Mwisho, muwe tayari kwa usingizi usio wa kawaida. Kichanga anayelala tu na hanyonyi, mwenye joto la 37.5 na kuendelea au chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea kifua akivuta pumzi, mwenye degedege, au mwenye manjano hadi kwenye viganja na nyayo, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Nunua kipimajoto sasa. Hifadhi namba ya bajaji au bodaboda anayekubali kuamshwa, ulizia ni kituo gani cha karibu kinachopokea watoto usiku, na kama nyumba yenu ina geti, mjue ufunguo unalala kwa nani.