Kufuatilia wamiliki wa nyumba kongwe kando ya mto
Anza na hati ya mmiliki wa sasa, kisha rudi nyuma: muuzaji kwenye hati hii awe ndiye mnunuzi kwenye ile iliyotangulia. Fuata namba ya kiwanja, si ya nyumba; namba za nyumba hubadilishwa mtaa unapopangwa upya. Mnyororo ukikatika, mara nyingi mwenyewe alifariki na nyumba ikarithiwa bila kuuzwa, basi pekua majalada ya mirathi mahakamani. Umri wa jengo usiutafute kwenye hati, nyingi hutaja ardhi tu. Daftari la kodi husema zaidi: thamani ikiruka ghafla, huenda ndipo nyumba ilipojengwa, au kuongezwa vyumba. Mpaka ukiandikwa “hadi ukingo wa mto”, linganisha ramani za upimaji za miaka mbalimbali; mto huhama, na kiwanja humegwa.