Namna ya Kupima Athari ya Dawa za Maumivu kwenye Refleksi za Uti wa Mgongo

Anayetaka kujua kama dawa inazuia ishara za maumivu ndani ya uti wa mgongo, au inabadilisha tu namna mtu anavyoyapokea maumivu hayo, hawezi kutegemea maelezo ya mshiriki peke yake. Kipimo kilichozoeleka ni refleksi (mwitikio wa mwili usiotegemea hiari) ya kukunja mguu iitwayo RIII, ambayo mtafiti Jean-Claude Willer aliichunguza kwa kina mjini Paris kuanzia miaka ya 1970. Kwa watu wenye afya, kiwango cha umeme kinachoanza kuiamsha hukaribiana na kile ambacho mtu huanza kukiita maumivu, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Kazi hii ni ya maabara yenye daktari na kibali cha kamati ya maadili. Usimpokee mtu mwenye kifafa, mjamzito, aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, au aliyemeza dawa ya maumivu karibuni. Mweleze kila mshiriki, kwa lugha anayoielewa, kwamba atahisi maumivu na kwamba anaweza kusitisha wakati wowote bila kutoa sababu.

Mkalishe kwa utulivu, goti likiwa limekunjwa kidogo. Safisha ngozi kwa spiriti, kisha bandika elektrodi (vibandiko vya kupitisha au kunasa umeme) za kuchochea nyuma ya kifundo cha nje cha mguu, inapopita neva ya surali, ambayo ni neva ya hisia ya mguu, na za kurekodi juu ya msuli wa nyuma ya paja la mguu huohuo. Kila kichocheo kiwe mfululizo wa mipigo mitano mifupi ya umeme, kila mmoja wa milisekunde 1. Panda hatua kwa hatua hadi refleksi itokee, shuka hadi ipotee, kisha rudia mara kadhaa na uchukue wastani kuwa kizingiti. Badilisha muda kati ya vichocheo, kwa kuwa mtu anayejua pigo lijalo litafika lini hujikaza mapema na kuharibu kipimo.

Makosa mengi hutokea wakati wa kusoma mchoro. Mwitikio unaojitokeza takriban milisekunde 40 hadi 60 baada ya kichocheo ni RII, unaotokana na neva za mguso, wala si wa maumivu. RIII huja baadaye, kwa kawaida kati ya milisekunde 90 na 150, nao mshtuko wa mwili mzima unaweza kuonekana baada ya hapo. Asiyetenganisha vipindi hivi atadai kuwa dawa imefanya kazi, au imeshindwa, bila msingi wowote.

Pima kwanza kabla ya dawa. Kisha, kwa siku tofauti na kwa mpangilio wa kura, kila mshiriki apewe dawa na plasebo (dawa bandia isiyo na nguvu ya kutibu), bila yeye wala mpimaji kujua ipi ni ipi. Ikiwa dawa ni mofini, oksijeni na naloksoni, dawa inayoondoa athari za mofini, ziwe karibu, na upumuaji ufuatiliwe muda wote. Katika kila kipimo rekodi pia alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10, pamoja na refleksi ya H, isiyo ya maumivu, ya msuli wa shavu la mguu: ikiwa RIII imepungua lakini H imebaki vilevile, huwezi kusema kwamba misuli au neva zinazoiendesha zimelegea tu.

Katika kufasiri, kumbuka kwamba watu wenye afya peke yao hawatoshi kuonyesha mahali dawa inapofanyia kazi. Mofini ilipandisha kizingiti cha RIII hata kwa watu ambao uti wao ulikatika kabisa, ishara kwamba hutenda moja kwa moja kwenye uti. Ketoprofeni, dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya mofini, iliipunguza refleksi hiyo kwa wenye afya lakini si kwa waliokatika uti, jambo linaloelekeza kwamba athari yake hushuka kutoka kwenye ubongo.